Pori Nililowachagulia

Usoke Stesheni
6 Oktoba 1969

Dada Sikuzani,

Shikamoo. Nimetoka porini jana, miguu imevimba lakini moyo umejaa. Nakuandikia hata kabla sijafua nguo, maana nina neno la kukuambia, na kupitia kwako nimwambie shemeji Twalibu.

Unajua kwamba kikundi chetu cha Cheyo kilinituma mimi nitafute mahali pa kuanzisha kijiji cha ujamaa. Wakubwa wa wilaya walinionyesha sehemu mbili, wakasema tuchague wenyewe. Ya kwanza iko hapa hapa Usoke, nusu saa kwa miguu kutoka relini. Ardhi si mbaya na kisima kipo, lakini kuna watu tayari, wanalima tumbaku yao, wana mwenyekiti wao na kamati yao. Tutakaa kama wageni waliokaribishwa barazani.

Ya pili iko kusini, mwendo wa siku moja na nusu. Dada, hiyo ndiyo nchi. Kuna mto mdogo unaitwa Isenga, na hata katika kiangazi hiki umebakiza madimbwi yenye kambare. Udongo wa kandoni ni mweusi, unauchimba kwa kidole. Nyuki wamejaa hata kwenye magogo yaliyoanguka. Nyayo za pofu, wale wanyama wakubwa kama ng'ombe, nimeziona kwa macho yangu. Mtu mwenye mikono miwili na akili hawezi kulala njaa pale. Na hakuna mtu. Siku zote nilizokaa sikuona moshi wa yeyote isipokuwa wa mzee mmoja mrina asali, Ngollo, ndiye aliyeniongoza njia. Mzee huyo ana maneno mengi ya kizamani. Ukiyasikiliza yote hutapanda hata mchicha.

Sasa, dada, kikundi chetu kina wasemaji wengi na fundi hatuna hata mmoja. Zungumza na shemeji. Popatlal atapata seremala mwingine wa kumtengenezea makabati ya duka. Sisi tukimkosa Twalibu tutalala chini ya miti.

Ni mimi mdogo wako,
Shomari


Cheyo, Tabora
15 Oktoba 1969

Mdogo wangu Shomari,

Marahaba. Barua yako niliisoma kwanza kimya, kisha kwa sauti. Twalibu alikuwa uani anapiga randa mlango wa mtu. Nilipofika kwenye udongo mweusi nikasikia randa imenyamaza. Hapo nikajua nimekosea kusoma kwa sauti.

Huyu bwana hajawahi kushika jembe. Kwao ni mafundi tangu enzi za misafara; babu yake alikuwa akitengeneza masanduku ya Waarabu waliokwenda Ujiji. Lakini jana kaniambia, "Mke wangu, makabati ya Popatlal yatanizika. Kule kijiji kizima kitafungua milango niliyoitengeneza mimi." Nimeishi naye miaka sita, sijapata kumsikia akisema maneno marefu namna hiyo.

Mimi siwezi kufuatana naye. Mama mkwe hashuki kitandani bila kushikwa, na nina mimba ya miezi mitatu. Unajua mbili za kwanza zilivyokwenda.

Sitamzuia. Ila nina swali moja. Mahali pana maji, pana samaki, asali na udongo mweusi. Wanyamwezi si wajinga wala si wavivu. Kwa nini hapana mtu? Nijibu hilo tu, nami nitamfungia mzigo wake kwa mikono yangu.

Dada yako,
Sikuzani


Usoke Stesheni
24 Oktoba 1969

Dada Sikuzani,

Shikamoo. Umeuliza vizuri, na mimi nimeuliza wenyeji kabla ya kukujibu. Watu walihama pale zamani kufuata reli. Mkoloni alitaka wakae karibu, awahesabu na kuwatoza kodi, na wao wakazoea duka na stesheni. Hakuna lingine. Pori lile halina kasoro ila umbali, na umbali sisi tutaumaliza kwa kufyeka njia.

Nakuapia kwa kaburi la mama yetu kwamba shemeji atarudi kukuchukua akiwa amenenepa.

Kikundi kimekubali Isenga kwa kauli moja. Wamenichagua niwe mwenyekiti. Kijiji tutakiita Jitegemee.

Mdogo wako,
Shomari


Jitegemee, Isenga
21 Mei 1970

Dada Sikuzani,

Shikamoo, na hongera sana. Habari ya mtoto ilitufikia kwa mtu aliyetoka Usoke na chumvi. Shemeji alikuwa juu ya paa la ghala. Aliposikia ni mtoto wa kike, na mzima, na umempa jina Mwanajuma, aliketi kwenye boriti akawa hashuki. Tulimngoja chini mpaka tukacheka.

Mavuno yetu si ya kuaibisha. Mahindi yamejaza ghala moja, karanga tunazo, na mizinga ya magome aliyotengeneza shemeji imefika thelathini. Nyumba kumi na moja zina milango yake. Mwezi wa Novemba nimeitwa Tabora kwenye mkutano wa viongozi wa vijiji, nieleze jinsi tulivyofanya, na familia nyingine kumi na tano za mjini zimekwisha andikishwa kuja kwetu.

Matatizo ni madogo. Ng'ombe wawili wa kulimia tuliopewa walikonda, wakafa. Nzi ni wasumbufu hasa kando ya mto, wanauma hata juu ya shati. Tunachoma mavi makavu, moshi unawafukuza.

Shemeji anakusalimu.

Shomari


Cheyo, Tabora
9 Agosti 1970

Shomari,

Salamu. Nakuandikia wewe kwa sababu mwenye kuandikiwa hajibu.

Tangu mwezi wa sita sijapata mstari mmoja wa Twalibu. Nimempelekea barua tatu. Mwanajuma ameanza kuketi na baba yake hajui. Hapa jirani wameanza kuniuliza kwa huruma ile isiyo ya huruma: "Na bwana huko aliko, nani anampikia?"

Kama ameoa huko, niambie. Sitapiga kelele. Wewe ni damu yangu kabla ya kuwa mwenyekiti wa mtu yeyote.

Sikuzani


Jitegemee, Isenga
27 Agosti 1970

Dada Sikuzani,

Shikamoo. Hakuna mke wa pili, na laiti ningekuwa na hilo la kukuambia, maana hili linanipa aibu zaidi.

Shemeji amekuwa mvivu. Sijui niliweke vipi lingine. Watu wanatoka alfajiri kwenda shamba, yeye anafika jua limepanda, anapiga jembe mara tatu, anaketi, na ukigeuka amelala. Juzi alilala na chakula mkononi. Ukimwamsha anakuwa mkali kwa maneno ambayo sikujua anayajua. Kazi ya mlango aliyokuwa anaimaliza kwa siku mbili sasa ina wiki tatu, na bawaba ameipiga upande usio wake.

Mimi ni mwenyekiti na yeye ni shemeji yangu. Watu wananitazama. Nikimwacha watasema huu ni ujamaa wa ndugu. Basi tulimweka mbele ya mkutano. Mama Mwanahawa, mkubwa wetu kwa umri, alisema labda mwili wake si mzima. Nikasema mwili wa mtu mzima haulali saa nne asubuhi. Tukampunguzia mgao wa mahindi kwa nusu mpaka ajirekebishe. Alisimama pale katikati, akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Nisameheni, sijui kilichonipata." Kisha akaenda kulala.

Mwandikie maneno makali. Wewe atakusikia.

Shomari


Cheyo, Tabora
10 Septemba 1970

Shomari,

Nimepokea. Nimekaa na barua yako siku nne, sikumwonyesha mama mkwe. Nimemwambia mwanawe ana kazi nyingi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya Twalibu. Mpe mkononi. Nimemwandikia kwamba nilizaa peke yangu, ninamgeuza mama yake kitandani peke yangu, na yeye aliyeondoka hapa akitaka kijiji kizima kifungue milango yake anawafanya watu walishe mtu anayelala. Nimemwambia mwanawe akikua nitaona haya kumtajia baba yake. Nimeandika na mengine ambayo sitayarudia kwako.

Ila Shomari, usiku wa kuamkia leo nilikuwa nafikiri. Huyu unayeniandikia habari zake simjui. Twalibu alikuwa akiamka kabla ya adhana, ananoa misumeno mpaka namwambia anyamaze. Mtu hubadilika, najua. Lakini huyu hakubadilika, huyu ni mtu mwingine. Mtazame vizuri kabla ya kumpa karatasi yangu.

Sikuzani


Cheyo, Tabora
2 Desemba 1970

Shomari,

Twalibu yuko hospitali hapa mjini tangu tarehe kumi na tisa Novemba. Sikukuandikia mapema kwa sababu kila nilipoanza mkono ulikuwa unaandika matusi.

Aliyemleta ni mzee Ngollo, yule mrina asali wako. Alimkuta kando ya njia ya mto, hajiwezi, anatetemeka, akamfunga kwenye baiskeli kwa kamba za magome akamsukuma siku mbili mpaka Usoke. Katika gari la moshi watu walidhani amelewa. Nilipofungua mlango nilimtambua mzee nisiyepata kumwona kabla sijamtambua mume wangu.

Daktari alimtoa maji ya uti wa mgongo. Akaniuliza, "Mama, mumeo alikuwa anaishi wapi?" Nikamwambia. Akauliza, "Kuna mbung'o?" Nikasema sijui mbung'o, najua niliandikiwa kuna nzi. Akasema ni malale, na yamekwisha panda kichwani. Ndiyo yanayomlaza mtu mchana, yanamfanya mkali, yanamfanya apige bawaba upande usio wake. Sasa wanamchoma sindano ambayo dawa yake inapopita kwenye mshipa analia, Twalibu ambaye msumari ulipomwingia kiganjani alisema tu nimletee maji.

Mzee Ngollo alikaa barazani kwangu siku mbili. Nilimpikia uji. Siku ya pili aliniambia, "Mwanangu, mimi nilimwambia kijana. Pale ni matongo, kijiji kilichohamwa. Nilimwonyesha mawe ya kusagia. Baba yangu alizaliwa pale. Watu walikufa kwa malale, waliobaki serikali ya Mwingereza ikawahamisha wote. Nilimwambia, msimu wa kurina asali mtu anaingia na kutoka, lakini nyumba hajengi." Nikamwuliza, "Na yeye alisemaje?" Akasema, "Aliniuliza kama kuna mtu mwingine anayeyajua hayo."

Sasa nakuuliza mimi. Uliapa kwa kaburi la mama.

Na la pili. Tarehe hizo hizo wewe ulikuwa hapa Tabora kwenye mkutano wenu. Mke wa Popatlal, Jenabai, alikuona sokoni. Alikuja kunipa pole hospitali akasema, "Afadhali ndugu yako yupo mjini." Ulilala wapi, Shomari? Kutoka sokoni mpaka Cheyo ni mwendo gani?

Na la tatu. Siku anazopata akili Twalibu anasema mwezi wa saba alikupa barua ya kuniletea. Iko wapi?

Sikuzani


Jitegemee, Isenga
19 Desemba 1970

Dada Sikuzani,

Sina haki ya kukupa shikamoo, lakini sijui kuanza barua yako bila hiyo.

Ngollo hakukudanganya hata neno. Aliniambia yote, tena mara mbili, ya pili ameshika mkono wangu. Nilijua. Niliposema nimeuliza wenyeji, sikuuliza mtu.

Umenijua tangu nilipokuwa natambaa, kwa hiyo nitakuambia bila kupamba. Usoke ningekuwa mtu wa kumi na tano katika kamati ya watu wengine. Isenga ningekuwa wa kwanza. Nilisimama kwenye yale mawe ya kusagia nikajiona nimesimama mwanzoni mwa kitu. Nikajiambia, malale ni ya enzi za ukoloni, sasa kuna dawa, sasa kuna serikali yetu. Nikajiambia tukifyeka nzi watakwenda. Ng'ombe walipokufa nilijua kilichowaua. Niliwaambia watu ni majani mabaya.

Barua ya shemeji ninayo, na naifungia humu. Alinipa niipeleke Usoke. Bahasha haikuwa na gundi. Niliisoma njiani. Nikaona ikifika Cheyo, zile familia kumi na tano hazitakuja. Nikaiweka ndani ya daftari la mikutano. Kila nilipoandika kumbukumbu za mkutano ilikuwa chini ya mkono wangu, hata siku ile tuliyompunguzia mahindi. Uliniambia nimtazame vizuri kabla ya kumpa karatasi yako. Nilimtazama, dada. Nikampa.

Mwezi wa Novemba nilikuja Tabora. Nilisimama mbele ya watu nikasema kijiji chetu hakina mgonjwa. Walipiga makofi. Nililala kwa mwenzangu mmoja karibu na stesheni. Sikuja kwako kwa sababu ungeniuliza habari zake, na uso wangu unaujua.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Jumapili niliita mkutano. Nilikuwa nimejiandalia maneno marefu. Mama Mwanahawa alinikatiza. Akauliza, "Ulijua?" Nikasema, "Nilijua." Hakuna aliyenitukana. Aliinuka akaenda kwake, na tukasikia anateremsha vyungu. Mpaka jioni nyumba zote zilikuwa zinafunga mizigo. Wengine wawili wana homa, wamekwisha ondoka na Ngollo. Waliobaki wanakwenda Usoke, kamati ya kule imewapokea. Nimeandikia wilaya kwamba nilidanganya, na kwamba wasimlete mtu hapa.

Nimebaki peke yangu, nawabebea mahindi yao mpaka Usoke, safari kwa safari. Sijui nikuombe nini.

Shomari


(Karatasi iliyofungwa ndani)

Jitegemee
12 Julai 1970

Mke wangu Sikuzani,

Nakusalimu wewe na mama na Mwanajuma. Nimechelewa kuandika, kalamu inanitoka mkononi. Mwezi uliopita niliumwa na nzi shingoni, pakavimba jipu, likapoa, kisha homa. Inakuja na kuondoka. Kichwa kinauma. Usiku sipati usingizi, mchana unanikamata kama mtu ananivuta nguo. Naona haya mbele ya watu.

Mzee Ngollo ameniambia zamani watu waliondolewa hapa kwa ajili ya nzi hawa. Nimemwuliza Shomari. Amesema ni hadithi za wazee. Shomari ni mtu aliyesoma, na ni ndugu yako, hawezi kunificha. Nimemwamini.

Lakini nataka nije nyumbani kidogo, wiki mbili, nimwone mtoto, daktari anitazame. Sitaki waseme nimekimbia kazi. Ukiniambia njoo, nitakuja. Niandikie neno hilo moja, nimwonyeshe Shomari, apate sababu ya kuniruhusu.

Nangoja jibu lako.

Mumeo Twalibu


Cheyo, Tabora
28 Februari 1971

Shomari,

Twalibu ametoka hospitali. Ni mzima kwa jinsi wanavyosema wao. Anakula, analala usiku, anamjua mwanawe. Mkono wa kulia unatetemeka, na mguu mmoja anauburuta. Maneno mengine yamemtoka. Juzi alitaja randa kwa kuionyesha. Popatlal amemwekea stuli dukani, apige msasa vitu vidogo. Anapiga, mchana kutwa, na kila saa anamwuliza Popatlal kama amelala.

Barua yake nimeisoma. Neno moja alilolitaka, nami nilimpelekea yale niliyompelekea. Karatasi yangu niliikuta kwenye mfuko wa shati alilokuja nalo, imechakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Nilimpigia magoti, nikamwomba radhi. Akanishangaa. Akasema, "Ulikuwa na haki. Mtu mzima halali mchana." Kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa nimekaa mahali pa juu. Lakini mimi sikujua.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nichukue kalamu. Tangu ametoka hospitali kila asubuhi ananiambia, "Mwandikie Shomari." Nikimwuliza nimwandikie nini, anasema niandike hivi, naye ameketi hapa mbele yangu anatazama mkono wangu: Shemeji, nisamehe kwa kulala kazini. Nilikuaibisha mbele ya watu. Nikipona vizuri nitakuja kumalizia ile milango.

Nimeandika kwa sababu ni maneno yake na si yangu kuyazuia. Wewe ulizuia, umeona.

Nimemweleza kwamba ulikuwa ugonjwa, si uvivu. Daktari amemweleza. Anakubali kwa kichwa, halafu anasema, "Ingekuwa ugonjwa, Shomari angejua. Angejua angeniambia." Jana nilimwambia waziwazi kwamba ulijua. Alikasirika, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Alisema nisimseme vibaya ndugu yangu.

Mimi hataniamini. Usimjibu kwa barua, maana atanipa niisome, na nimechoka kuwa sauti ya watu. Njoo wewe. Nyumba unaijua. Keti mbele yake, mwache akuombe msamaha mpaka amalize, kisha mwambie.

Sikuzani